Jiwe Lina Njia Yake

Mjini siku hizi mtu akifanya jambo la kishujaa vijana humwita mwamba. "Huyu ni mwamba," wanasema, wakimaanisha kwamba hatikisiki, na kwamba kesho utamkuta vile vile alivyokuwa jana. Mimi nimesomea miamba, na kila nikilisikia neno hilo ndani ya daladala hujikuta nacheka peke yangu. Katika vitu vyote nilivyowahi kushika mkononi sijaona kilichogeuka mara nyingi kama jiwe. Ni vile tu mwendo wake ni wa polepole na umri wetu ni mfupi, basi tukikutana nalo tunadhani limesimama.

Jiwe ninalolijua kuliko yote liko Misima, wilayani Handeni, katika shamba la ukoo wa mama yangu, si mbali na barabara itokayo Korogwe. Mgeni anayepita huko huona mahindi na mihogo, vichaka vya miiba, udongo mwekundu, na hapa na pale mgongo wa jiwe la kijivu umechomoza ardhini kama kiboko anayevuta pumzi. Mgongo wetu una ukubwa wa madarasa mawili hivi. Upande wa mashariki, pale unapozama kwenye udongo, kuna kisima kifupi ambacho hata bibi yangu alikikuta, na ambacho hukauka mwaka wa ukame mkali tu. Upande wa magharibi ndipo Mama anapovunja kokoto.

Ameifanya kazi hiyo tangu nikiwa darasa la pili, mwaka ambao mvua za vuli hazikuja na mahindi yaliishia magotini. Kazi huanza jioni. Hupanga magogo makavu juu ya mwamba, huwasha moto na kuuacha uungue hadi usiku wa manane. Asubuhi ngozi ya jiwe huwa imeachana na mwili. Huibandua kwa mtarimbo, huyavunja mapande kwa nyundo kubwa, kisha hukaa chini ya turubai na kuponda kimoja kimoja kwa nyundo ndogo, kipande kikiwa kimeshikwa ndani ya pete ya mpira wa tairi ili kisiruke na kisile vidole. Debe kwa debe fungu hukua. Lori likija, kazi ya wiki kadhaa hupakiwa kwa saa moja. Ada yangu ya sekondari, sare, godoro la bweni, nauli yangu ya kwanza ya kwenda Dar es Salaam, vyote vilitoka pale. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Kwetu gogo lilikuwa mwamba, na elimu yangu yote imetokana na vibanzi vyake.

Sekondari tulikariri makundi matatu. Mwamba moto ni uji wa mawe ulioganda. Mwamba tabaka ni mchanga, tope au mabaki ya viumbe yaliyorundikana na kushikamana. Mwamba geu ni ule uliokuwa mmojawapo wa hao, kisha ukapikwa na kukandamizwa hadi ukawa kitu kingine bila kuyeyuka. Tulichora duara lenye mishale, tukaandika majina kwa Kiingereza, tukapata alama zetu. Hakuna aliyetutoa nje kutuonyesha jiwe hata moja, ingawa uwanja wa shule ulikuwa umejaa mawe na wengi wetu tulikuwa tumelipiwa ada kwa kokoto, mkaa au mahindi. Mchoro ule una kosa moja tu: unaonyesha mwamba ukizunguka kwa utaratibu, kama gurudumu. Jiwe la kwetu halikuzunguka kwa utaratibu wowote. Lilikokotwa.

Nililijua hilo chuoni, mwaka wa tatu. Nilikuwa nimebeba pande moja kutoka kwa Mama, ukubwa wa andazi. Maabara tulilikata kwa msumeno wa almasi, tukaligandisha kwenye kipande cha kioo, tukalisaga hadi likabaki na unene wa milimita 0.03. Katika wembamba huo jiwe hupitisha mwanga. Nikaliweka chini ya hadubini.

Wale waliozoea kuona kijivu kitupu hawataamini. Kulikuwa na mika nyeusi iliyolala kwa mistari kama nywele zilizochanwa. Kulikuwa na feldispa yenye milia. Kulikuwa na kwarzi ambayo, nilipozungusha kioo, haikuzimika kwa mara moja kama kwarzi iliyotulia. Giza lilipita juu yake polepole, kama kivuli cha wingu juu ya shamba. Hiyo ni dalili ya fuwele iliyopindwa na bado haijanyooka. Na kulikuwa na ganeti, punje za mviringo za waridi hafifu, ambazo ukiweka kichujio cha pili huwa nyeusi tii. Ndani ya ganeti moja niliona vipande vidogo sana vya kwarzi vimejipanga kwenye mstari, na mstari huo ulikuwa umekingama na mistari yote ya nje. Mwalimu wangu akaniambia nitazame vizuri. Ganeti ile ilikua na kumeza jiwe lilivyokuwa zamani, kisha jiwe la nje likakunjwa upya, likabadilisha mwelekeo wake wote. Mwelekeo wa kwanza umebaki ndani ya tumbo la ganeti tu.

Jiwe la namna hiyo huitwa naisi, na la Misima ni sehemu ya ukanda mrefu wa miamba geu unaotoka Msumbiji, ukapita mashariki ya Tanzania na Kenya, ukaendelea hadi Ethiopia na kuelekea Bahari ya Shamu. Mwingereza Arthur Holmes aliuita Mkanda wa Msumbiji mwaka 1951, na jina likashika. Milima ya Uluguru, Pare na Usambara imo ndani yake. Tanzanaiti ya Mererani, iliyojulikana duniani tangu 1967, ilizaliwa humo humo. Dhahabu ya Magambazi, hapa hapa Handeni, wachimbaji wadogo huisaka ndani ya miamba ya ukanda huu.

Umri wake haukukisiwa. Ndani ya miamba hii kuna punje ndogo kuliko chumvi ziitwazo zirkoni, na kila punje hubeba urani kidogo. Urani hugeuka risasi kwa kasi isiyobadilika: nusu ya urani ya aina moja humalizika kwa takriban miaka bilioni 4.5. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, unapata saa. Kwa miamba iliyopikwa sana ya mashariki ya Tanzania, saa hizo huonyesha wakati wa joto kali karibu miaka milioni 640 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na majani wala samaki, na nchi kavu haikuwa na mnyama hata mmoja. Mabara mawili yalisogeleana, bahari iliyokuwa kati yao ikajifunga, na yalipogongana yakainua safu ya milima inayodhaniwa ilishindana na Himalaya ya leo. Chini ya milima hiyo mawe yalizama. Vipimo vya miamba ya Usambara na Pare vinaonyesha joto la nyuzi 800 hivi, na uzito wa kina cha kilomita 35 au karibu na hapo. Katika hali hiyo jiwe haliyeyuki lote, lakini halibaki jiwe tulijualo. Hukunjika kama unga wa maandazi. Madini ya zamani hayavumilii, huvunjika na kujipanga upya kuwa mengine yanayoweza kukaa katika joto lile na uzito ule. Ganeti ni mojawapo ya hayo mapya. Hapa na pale kwenye ukanda huu unakuta marumaru, ambayo ilikuwa chokaa ya chini ya bahari, na grafaiti, ambayo ni kaboni iliyozikwa pamoja na tope. Bahari iliyofungwa imeacha mifupa yake.

Halafu kuna swali ambalo huwa nawauliza wanafunzi wanaokuja nasi kwenye safari za mafunzo: kama jiwe hili lilipikwa kilomita thelathini na zaidi chini ya ardhi, mbona leo mama yangu analikalia? Kilomita zote zile zilizokuwa juu yake zimekwenda wapi?

Zimekwenda na maji. Milima ilipopungua uzito kwa kumomonyolewa, ardhi ya chini yake ilipanda, kama jahazi linavyopanda likishushwa shehena. Ikamomonyolewa tena, ikapanda tena. Punje kwa punje safu nzima ilichukuliwa na mito iliyokwishakufa ikiwa haina jina. Baadaye Madagaska ilipoanza kujitenga na Afrika, bahari nyingine iliingia, na katika zama za Jurasiki ikalaza chokaa ile ambayo leo ndiyo mapango ya Amboni, karibu na Tanga mjini. Mapango hayo nayo ni kazi ya mvua, inayoyeyusha chokaa kidogo kidogo. Basi ukisafiri kutoka Misima hadi Tanga kwa basi unapita kwa saa chache katika bahari mbili: moja iliyopikwa ikawa naisi, na moja iliyobaki chokaa.

Na kazi haijaisha. Mvua inaponyesha Misima hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na kwenye udongo, ikawa tindikali dhaifu sana. Tindikali hiyo haisumbui kwarzi, lakini feldispa huishambulia na kuigeuza udongo wa mfinyanzi. Mika nyeusi hufunguka, chuma chake hupata kutu, na kutu hiyo ndiyo wekundu wa barabara zetu. Kwarzi ikiachwa peke yake huwa mchanga. Nyumba niliyozaliwa ilikandikwa kwa udongo uliokuwa feldispa. Chungu cha Bibi kilikuwa feldispa. Mafiga yake matatu yalikuwa naisi ambayo bado haijaoza, na juu yake chungu kile kilikaa, mtoto juu ya mzazi. Kwa upande wa Korogwe mchanga huingia Mto Pangani na kuelekea baharini, kama haukunaswa njiani kwenye mabwawa ya umeme. Huko utalala, utafunikwa, utashikamana. Atakayekuja kuuvunja simjui.

Hayo yote ningeweza kuyaeleza darasani na kwenda zangu nyumbani. Mwaka jana yaliletwa mezani kwetu.

Mkandarasi mmoja alikuwa akitafuta kokoto nyingi kwa haraka. Akauona mgongo wetu, akazungumza na Mjomba. Hakutaka kununua kwa debe. Alitaka mwamba wote: atoboe matundu, aweke baruti, alete mashine ya kusaga, amalize kwa miezi michache, na alipe kwa mkupuo. Fedha aliyotaja ilikuwa zaidi ya Mama alivyopata kwa miaka yote niliyomjua akiponda. Kwetu Wazigua ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti. Lakini Mjomba hakutumia sauti hiyo kwa ubaya. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi na ada ilikuwa haijapatikana. Tena alikuwa na hoja ambayo sikuweza kuijibu kwenye simu: "Mama yako anakaribia miaka sitini. Anakohoa usiku. Unataka aponde mawe mpaka lini?"

Nikapanda basi la asubuhi.

Kikao kilifanyika chini ya mwembe. Walikuwepo Mjomba, Mama, mama mdogo wawili, na mzee mmoja wa ukoo aliyeitwa ili maneno yasije yakapotea. Baada ya salamu Mjomba alinigeukia. "Mpwa wangu, ndiwe msomi wa mawe. Tuambie, jiwe hili lina thamani gani?"

Nilisema ninachokijua. Dhahabu sijaiona humo. Ganeti zipo, lakini zimejaa nyufa na ni ndogo. Hakuna sonara atakayezigusa. Kwa hiyo bei yake ni bei ya kokoto. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaendelea na jambo la pili, la kisima.

Naisi nzima haina vitundu vya kushika maji. Ukiichimba ilipo nzima utapata vumbi tu. Maji ya nchi kama yetu hukaa sehemu mbili: kwenye nyufa, na kwenye tabaka la jiwe lililooza, lile ambalo feldispa yake imelegea kiasi cha kuchimbika kwa jembe. Mvua ikipiga mgongo ulio wazi haina pa kuingia, huteremka ubavuni, huzama kwenye jiwe bovu pembeni, na hukaa huko kwa sababu chini yake kuna jiwe zima lisilopitisha. Kisima chetu kiko hapo hapo. Mgongo ndio paa, na kisima ndicho pipa. Baruti huweza kufungua ufa ukaongeza maji, na huweza kufungua ufa ukayapeleka kwingine. Hakuna awezaye kuapa ni upi utafunguka.

"Basi hujui," Mjomba alisema, bila ukali.

"Sijui, Mjomba."

Mzee akacheka kidogo. "Mwamba ngoma huvutia kwake," akasema, na hatukujua anamsema nani kati yetu.

Mama alikuwa hajafungua mdomo. Aliinuka, akachukua kopo la maji, akatuambia tumfuate. Akapanda juu ya mgongo, akamwaga maji kwenye uso wa jiwe. Likilowa jiwe lile huonyesha mistari yake yote, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi. "Jiwe lina njia yake," alisema. "Ukipiga kwa kukata njia, nyundo inarudi. Ukipiga kwa kuifuata, linakuachia." Akaonyesha kwa mkono mistari ilivyolala: ilikuwa ikiteremka kuelekea mashariki, kuelekea kisimani. Nilikuwa na dira yangu ya kazini mfukoni. Nikaipima. Mistari ilikuwa imeinama nyuzi 25, kama alivyosema, kule kule.

Kisha akatuhadithia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mwaka ambao nilikuwa kidato cha kwanza, akihitaji mzigo mkubwa, aliwasha moto kuvuka katikati ya mgongo. Asubuhi ufa ulikuwa umekimbia ndani, akausikia ukilia chini ya mtarimbo. Kesho yake maji ya kisima yalikuwa tope, na yalibaki hivyo kwa karibu mwezi mzima. Hakumwambia mtu. Aliweka mstari wa mawe madogo juu ya mgongo, na tangu siku hiyo hajawahi kuwasha moto upande wa pili. Mstari huo nimeuruka tangu utotoni nikidhani ni mchezo wa watoto.

Nikamweleza Mama, hapo hapo juu ya jiwe, kwa nini moto wake hupasua. Madini hayatanuki sawa. Kila moja huvuta kwake. Kwarzi ikifika nyuzi 573 hubadilisha mpangilio wake wa ndani na kuvimba ghafla. Alisikiliza kwa adabu. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya pande lake nililoliona chini ya hadubini. Aliitazama muda mrefu, akaivuta kwa vidole viwili.

"Na haya meusi ya mviringo?"

"Ganeti, Mama."

"Ndiyo yanayokula nyundo zangu," akasema, akanirudishia simu.

Uamuzi ulikuwa kwamba baruti haitaingia. Ukoo ulikuwa tayari kuuza upande wa magharibi kwa nyundo na kwa debe, lakini mkandarasi hakuutaka nusu. Alikwenda akapata mwamba kwingine. Fedha ile haikuja. Ada ya binamu yangu tuligawana: mama wadogo mbuzi wawili, mimi nusu ya mshahara kwa miezi mitano, na Mama lori moja la kokoto. Hesabu hiyo ya mwisho huwa inanirudia nikiwa kazini. Tuliokoa maji, na aliyelipa kwa mikono ni yule yule mwenye kikohozi.

Kwarzi ile ile isiyooza kwa tindikali haiozi hata ndani ya mapafu. Vumbi lake likiingia hukaa, na pafu hujaribu kulizungushia kovu. Nilimpeleka Mama hospitali, akapigwa picha ya kifua. Daktari aliona mapafu yana mabaka machache, akamtaka arudi kila baada ya miezi sita na akae mbali na vumbi. Kukaa mbali hakuwezekani kwa sasa. Nilimnunulia barakoa zinazofaa, na nikamwomba ayalowanishe mawe kabla ya kuyaponda, kwa sababu vumbi lililolowa haliruki. Barakoa huvaa akijua nitapiga simu ya video. Kuhusu maji alinigombeza: hayo ni maji ya kunywa, mwanangu, na mimi niyamwagie mawe? Baadaye alikubali ndoo moja kwa siku, miezi ambayo kisima kimejaa.

Mimi na Mjomba tunasalimiana. Shikamoo, marahaba, za kazi, nzuri, basi. Binamu yangu yuko mwaka wa kwanza. Ukame wa mwaka huu umekausha visima viwili vya jirani, na wiki iliyopita Mama aliniambia kwamba amemwona Mjomba alfajiri kabla watu hawajaamka, akichota kwetu madumu mawili. Alisubiri hadi akaondoka ndipo akatoka na ndoo yake ya mawe.